Farasi Aliyepambwa Upande wa Kushoto

Tuna heshima kubwa kuutangazia ulimwengu kwamba asubuhi moja ya Mei, katika bustani ya michezo ya Tamber Lake, Pennsylvania, Historia na Mapenzi vilikutana ana kwa ana. Kusema kweli, kilichokutana ni mgongo wa Emmett Tully na sahani ya viazi vya kukaanga.

Emmett alikuwa akitembea kinyumenyume katikati ya umati, amekumbatia picha kubwa ya mwaka 1951, mwaka bustani ilipofunguliwa, aliyokuwa akiipeleka kwenye maonyesho ya historia ya bustani aliyoyaandaa. Mila Pavlik alikuwa ametoka kupaka rangi farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka, ovaroli yake ya bluu imejaa madoa ya dhahabu, kitambaa chekundu kichwani, sahani ya viazi mkononi. Siki ya viazi ilimshuka Emmett mpaka kwenye soksi.

"We bwana, huna macho?"

"Ninayo, ila yako mbele. Ningejua, ningegeuka mapema."

Mila alicheka bila kutaka. "Maneno hayo umeyafanyia mazoezi?"

"Tangu darasa la nane. Leo ndiyo yamefanya kazi."

"Nani kasema? Kanunue viazi vingine."

Alinunua. Kufikia Juni alikuwa akinunua kila siku, nao wakila sakafuni katikati ya masanduku ya picha za maonyesho: wanawake wenye sketi pana wakipiga mayowe kwenye magari ya kupanda na kushuka, watoto wenye nyuso zilizoganda sukari. Katika picha moja, katikati ya wanaume wengine kumi na mmoja, kijana mwembamba alimshika farasi shingoni.

"Babu Stefan huyo," Mila alisema. "Farasi wa kwanza aliwachonga yeye. Waliungua wote. Imebaki picha hii tu."

"Ana macho kama yako."

"Tazama farasi, mzee wa maneno!"

Emmett alimtazama farasi. Hilo ndilo lilikuwa kosa.

Siku moja kabla ya maonyesho Mila aliikuta picha ya babu ukutani, na chini yake kikaratasi: *Farasi hawa walinunuliwa England.* Damu ilimpanda kichwani.

"Emmett! Hiki nini?"

"Mpenzi, sikiliza. Farasi wa bembea hupambwa vizuri upande mmoja tu, ule unaowaelekea watazamaji. Kwetu Marekani ni ubavu wa kulia. Huyu kapambwa kushoto, kama wa England, ambako bembea huzunguka kinyume na zetu."

"Kwa hiyo babu yangu mwongo?"

"Sijasema hivyo."

"Umeandika! Mzee ana miaka tisini, kesho anakuja na suti yake, asome ukutani kwamba maisha yake yote ni uongo. Usinipigie simu."

Alipiga mara nane. Mila alikuwa akimenya viazi kwa hasira hata kilichobaki kikawa maganda. Mara ya tisa akapokea.

"Una dakika moja."

"Mfuko!"

"Umelewa?"

"Mfuko wa shati, Mila! Wanaume kumi na wawili pichani, wote mfuko wa kifuani uko kulia. Fundi gani alishona hivyo? Aliyesafisha picha aliigeuza filamu! Ukiirudisha, mifuko inakwenda kushoto, na farasi anapambwa kulia. Ni farasi wa hapa hapa!"

Mila aliketi juu ya maganda. "Kwa hiyo babu…"

"Amesema kweli miaka yote. Mwongo ni mimi."

"Wewe si mwongo. Wewe mjinga."

"Mjinga wako?"

Mila alivuta pua. "Njoo uanze kwa kumwambia yeye."

Kesho yake, mbele ya umati wote, Emmett alipanda juu ya kiti, akakichana kikaratasi, akatundika picha iliyosafishwa upya. "Farasi hawa," alipaza sauti, "walichongwa na Stefan Pavlik, na aliyekosea ni mimi!" Mzee alifungua kifungo cha suti apate kupumua. Watu walipiga makofi mpaka vioo vikatetemeka.

Emmett alishuka akapiga goti moja kwa moja, akamwomba Mila wafunge ndoa. Mila, gauni la njano likimpepea, alitamka kwa sauti tamu kama kinanda: "Ewe nuru ya maisha yangu, nitakuwa wako hata mauti—"

"Mimi nilisema hayo lini?"

Mila amesimama nyuma yangu ninapoandika haya, anasoma juu ya bega langu.

Basi, dada, nakiri. Nilikuwa mbali, mdomo umejaa keki, sikusikia kitu. Alisema nini hasa?

"Nilisema, 'Inuka, umepiga goti juu ya gauni langu.' Halafu nikasema ndiyo. Iandike hiyo ndiyo."

Nimeiandika.