Sabufa za Marehemu Masalu

Mudathiri alikuwa ameshachomoa waya wa hasi kwenye betri, kama afanyavyo kila anapotaka kugusa muziki wa gari, lakini sabufa mojawapo, kati ya zile spika kubwa za besi nyuma ya ile Noah, ilikuwa bado inapumua. Haikutoa sauti. Uso wake mweusi ulipanda taratibu, ukashuka, ukapanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

Akadhani ni umeme uliobaki kwenye amplifaya. Akasubiri. Jua la Bariadi lilikuwa linachoma, malori ya pamba yanapita na vumbi lake, na bado ndani ya gari kulikuwa na ubaridi na harufu ya kaburi lililochimbwa sasa hivi.

Mwenye gari, Mwandu, mnunuzi wa pamba kutoka Kasoli, alikuwa amekaa kwenye benchi la gereji.

"Mzee, muziki huu uliutoa wapi?"

"Wa mdogo wangu, Masalu," Mwandu alijibu bila kuinua macho. "Mafundi walimfungia bila fyuzi. Waya ukashika moto akiwa ndani, njia ya Lalago. Gari lote liliungua, zikabaki hizi tu."

"Na ukaziweka kwenye gari lako?"

"Nilisikia ananiita humo, fundi. Ningezitupaje?"

Mudathiri akaendelea na kazi. Alikwangua rangi kwenye bodi mpaka chuma kikang'aa, akafunga hapo waya wa ethi, ule wa hasi wa amplifaya. Akapitisha ule mnene mwekundu, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri. Hapo ndipo alipomsikia mkewe, Naila, ambaye asubuhi alibaki nyumbani.

"Itoe hiyo, baba Zamda," sauti ilisema kutoka kwenye sabufa. "Inanibana."

Alitaka kurudi nyuma lakini miguu ilikataa, na huku akiona kwa macho yake mwenyewe vidole vyake vikianza kufungua kifuniko cha fyuzi, vikiichomoa taratibu, vikiuvuta ule waya mtupu kuelekea kwenye betri, na ile sauti ikimbembeleza kwa maneno ambayo Naila humwambia wakiwa wawili tu, mpaka akapata pumzi ya kuita jina la Shehe Nuruddin wa duka la jirani.

Shehe, aliyekuwa amesikia maongezi yao kutoka dukani, alikuja mbio, akampiga Mudathiri mkono, waya ukaanguka.

"Mwache aongee," Mwandu alisihi kwa sauti ya chini. "Ni ndugu yangu."

"Ndugu yako umemzika. Hili ni jini lililokaa naye siku ile akiungua."

Shehe akaweka kiganja juu ya sabufa, akasoma dua. Mngurumo mzito ukapanda kutoka chini ya gari, vioo vikatetemeka, kisha uso wa spika ukapasuka na moshi mweusi ukamfunika Mudathiri usoni. Mwandu alilia kama mtoto, akakubali sabufa zote zing'olewe, zikachomwa pale pale.

"Limetoka humo," alisema Shehe.

Jioni, baada ya chakula, Naila aliegemeza kichwa kwenye kifua cha mumewe. Alisikiliza kidogo. Kisha akainuka polepole, akamchukua mwanawe Zamda kwenye mkeka, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Baba Zamda," alinong'ona, "nani huyo anayeongea kwa sauti yangu kifuani mwako?"