Gari Lilipopiga Magoti Juu ya Fundi Cornel

Mimi ndiye bibi wa kwanza Ngokolo nzima kuliamuru gari lipige magoti, nalo likatii.

Sawa. Kulikuwa na mtu chini yake.

Na kuendesha sijui mpaka leo. Nilibonyeza kitufe tu.

Msinitukane kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mnitukane kwa mpangilio.

Naitwa Sesilia, wengi mnanijua kama Mama Sostenes. Shule nimesoma mpaka darasa la saba, na la saba nililikalia mara mbili kwa kulipenda.

Mwanangu Sostenes anafanya kazi Geita. Ana lile gari kubwa linalovuta kwa magurudumu yote manne. Alipolinunua lilikuwa halina springi. Lilikalia mifuko ya upepo, mmoja kila gurudumu. Ukibonyeza kitufe linashuka taratibu kama ngamia, unapanda, kisha linainuka na wewe.

Barabara za machimbo zikapasua mifuko miwili. Mafundi wa huko wakamwambia, toa upepo, weka springi za chuma. Akaweka.

Basi gari likawa juu kama ghala la mtama. Na mimi goti langu hili kila mwezi linatakiwa kliniki, Kolandoto.

Siku moja Sostenes alinisukuma kwa nyuma nipande, mbele ya wanakwaya wote wametoka misa.

Nikamwambia, "Rudisha upepo."

"Mama, springi ni imara."

"Springi ni imara. Mama yako siyo."

Wiki iliyofuata mifuko mipya ikafika na kompresa yake, kazi akapewa fundi Cornel, gereji ya hapa hapa mtaani kwetu.

Cornel ni mtu mwembamba, mpole, mkono wake unaaminika. Siku mbili akafungua springi zote nne, akafunga mifuko, akapitisha mipira ya upepo. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikaenda kukagua kama vile gari langu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Limepona?"

"Panda ukae kwa dereva, uone linavyoinuka."

Akanisaidia kupanda, akafunga mlango. Akapitisha mkono dirishani, akawasha. Akanionyesha vitufe viwili. "Huu mshale wa juu unapandisha. Huu wa chini unashusha. Usiguse."

Akabonyeza wa juu. Gari likanguruma, likainuka nyuma, likainuka mbele. Nikapandisha kioo, nikajiona mheshimiwa.

Cornel akachukua kikopo chake cha maji ya sabuni, apake kwenye maungio aone kama kuna povu, yaani kama upepo unavuja. Akaweka tochi ndogo mdomoni, akaingia chini.

Stendi za chuma, za kulizuia gari lisishuke, zilikuwa pembeni. Hakuziweka. Aliuamini upepo wake.

Nikakaa. Nikasikia spana inagonga. Kisha sauti yake kutoka chini, na tochi bado iko kwenye meno:

"Mama... shusha."

Sasa hapa nisikilizeni vizuri.

Miaka tisa niliuza ugali machimboni Kharumwa, mdomoni mwa mashimo ya dhahabu. Pale neno likitoka shimoni ni mojawapo ya mawili: vuta, au shusha. Na ukilisikia huulizi. Aliye chini ndiye anayeona. Aliye juu kazi yake ni mkono. Watu wamekufa kwa sababu aliye juu alisema "nini?"

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Mshale wa chini.

Fyuuuuuu...

Gari likashusha pumzi. Likashuka nami taratibu, kwa heshima zote, kama linavyotakiwa.

Chini nikasikia kitu kama mtu anayekohoa ndani ya gunia.

Halafu kimya.

"Cornel?"

Kimya.

"Baba Cornel?"

Jamani... Nimezika mume. Nimezika watoto wawili. Lakini kile kimya cha chini ya makalio yangu sijawahi kukisikia. Nilitaka kubonyeza mshale wa juu, nikaona mishale sita. Nikazungusha ufunguo, injini ikazima. Nikauchomoa. Nikajimwaga nje nikaangukia lile goti.

Miguu ya Cornel ilikuwa imetokeza, viatu vimeelekea juu. Haitikisiki.

Nikapiga ukunga.

Juliana muuza uji akaja mbio na mwiko mkononi. Nyuma yake Ngusa, dereva wa lori aliyekuwa anakunywa uji. Lori lake lilikuwa limejaa matimba, yale magogo ya kuegemeza kuta za shimo zisibomoke, anayapeleka Kharumwa.

Juliana akasema, "Washa liinuke, washa haraka."

"Yaya," Ngusa akasema, yaani hapana kwa lugha ya kwetu. "Asiliguse mtu."

"Mtu anakufa, wewe unasema yaya?"

"Linainuka nyuma kwanza. Nyuma ikipanda, mbele itamkandamiza zaidi. Ufunguo uko wapi?"

Nikampa. Akautia mfukoni.

Ngusa huyu alifukiwa na shimo siku mbili, mwaka ule wa mvua kubwa. Akaokota spana, akalala kifudifudi, akagonga chasisi mara tatu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Akainua mkono tunyamaze. Hata jiko la Juliana naona lilinyamaza.

Hakuna kitu.

Akagonga tena.

Hakuna kitu.

Nikaanza kuona jela. Nikaona mke wa Cornel, Asteria, ambaye asubuhi hiyo hiyo alinisalimia na mtoto mgongoni. Nikasema Mungu wangu, chukua goti. Chukua yote mawili, nitatambaa.

Ngusa akagonga mara ya tatu.

...ngo.

Moja. Dhaifu, kama kucha juu ya bati.

"Yuko hai," Ngusa akasema. "Anabana pumzi. Leteni jeki mbili. Mayu, mama yangu, wewe kaa hapa kwenye miguu, umsemeshe."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Wewe si muongeaji?"

Nikaishika miguu ya Cornel. Ilikuwa ya baridi. Nikamsimulia habari za mbuzi wangu. Nikamwambia mke wake kapika maharage. Uongo, sijui alipika nini.

Wakapiga jeki pande mbili kwa pamoja. Ikipanda upana wa kidole, timba linaingizwa. Kidole kingine, timba jingine. Ngusa hakuharakisha hata alipotukanwa na mtaa mzima. Kwenye shimo, anasema, anayeharakisha anazika.

Walipomvuta Cornel, midomo ilikuwa rangi ya jivu. Tochi bado ilikuwa kwenye meno. Walimtoa tochi, akavuta pumzi moja ndefu, yenye mlio. Nililia mpaka Juliana akanishika.

Akiwa amenishika hivyo, akauliza, "Mama Sostenes, kwani imekuwaje?"

Watu wote wakanitazama.

Nikafungua mdomo niseme kweli. Nawaapia, ulitoka ukweli mpaka kwenye fizi. Pale ukageuka.

"Limeshuka lenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama hapa nje."

"Na ufunguo?"

"Nilikimbilia kuzima."

Na kwa vile vioo ni vyeusi, nani angebisha?

Cornel akapelekwa hospitali kwa lori la matimba. Mbavu mbili zimepata ufa. Siku ya nne akaruhusiwa, akatembea kama mtu aliyebeba mayai kwapani.

Mimi nikajua yameisha. Kumbe ndiyo yanaanza.

Mtaa ukaamua kwamba upepo wa Cornel haukai. Watu wawili wakaja kuvuta magari yao gereji, hata hawakusema kwaheri. Asteria akaacha kuinua macho akipita. Na mwenyewe Cornel, badala ya kulala, akarudi gereji na bandeji yake, akipaka maji ya sabuni kila ungio, akitafuta povu.

Hakuna povu.

Nilikuwa nakaa kwenye benchi la Juliana namwangalia. Kila akiinama, mimi ndio naumwa mbavu.

Funzo naliweka hapa hapa, kwa sababu huko mbele kuna aibu na sitakuwa na nguvu ya kuandika. Chini ya gari la upepo weka stendi, hata kama upepo umeutia mwenyewe. Neno ukilisikia nusu, uliza, hata kama umezeeka. Na ukimtwika mtu uongo wako, ujue ataubeba kwa mbavu zenye ufa.

Basi siku moja Sostenes akapiga simu. Cornel akaweka sauti ya nje, mikono ina grisi. Juliana yupo, Ngusa yupo, amepitia kutoka Kharumwa.

"Fundi, pole. Nimeamua. Toa hiyo mifuko, rudisha springi."

Cornel akatia spana kwenye nati ya kwanza. "Sawa bosi. Ila sijaona linapovujia. Kazi ya miaka kumi na nne... sijaona."

"Si kosa lako kutolijua lote."

"Labda upepo siuwezi. Nitaacha kuufunga."

Juliana akatikisa kichwa. "Mshukuru Mungu. Mama Sostenes naye angekuwa ndani, moyo ungesimama."

"Hilo ndilo namshukuru," Cornel akasema. "Bora nilimwahi. Nilipofika chini nikaona uzito wake unanivurugia kipimo, nikamwambia, mama, shuka. Mungu akamshusha kabla gari halijaja."

Na mimi, na kichwa changu hiki cha darasa la saba mara mbili, nikasimama.

"Shuka wapi? Hukusema shuka, ulisema shusha. Nilikusikia vizuri kabisa na mshale nikaubonyeza vile vile..."

Mwiko wa Juliana ukasimama ndani ya sufuria.

Ngusa akaangalia viatu vyake.

Kwenye simu Sostenes akasema, taratibu, "Mama?"

Cornel akaweka chini spana aliyokuwa ameshaitia kwenye nati ya kwanza. Akanitazama, mkono umeshika mbavu.

"Mayu," akasema. "Kumbe ulikuwa ndani."