Kijani Kila Asubuhi

Foleni ya dirisha la dawa ilifika mpaka mlangoni. Fundi cherehani alikuja kuchukua dawa za presha za mama yake, futi ikining'inia shingoni, pini tatu zimechomekwa kifuani kwenye gauni la zambarau. Mbele yake alisimama fundi rangi, amejaa madoa meupe toka ovaroli mpaka nyusi.

"Dada, umekuja kunipima suruali?"

"Suruali ya nini, kaka? Wewe unahitaji sabuni."

Zamu ya kijana huyo wa rangi ilipofika, akapewa dawa za kifafa, akazisokomeza mfukoni haraka. Binti wa cherehani aliona, wala hakusogea pembeni. Akamwonyesha programu ya simu anayotumia kumwangalia mama yake: saa ikifika simu inalia, mgonjwa akimeza anabonyeza, na mwangalizi anapata alama ya kijani. Wakapeana namba. Baada ya miezi mitatu walikuwa wakiitana mpenzi, na mwangalizi wa fundi rangi alikuwa yeye.

Kila saa mbili asubuhi kijani kiliingia, naye akashona kutwa moyo umetulia, akijua mtu wake yuko salama juu ya ngazi. Jioni wakipigiana simu, kijana alimtania kwamba siku hizi anaulizwa zaidi habari za vidonge kuliko habari za moyo. Binti alicheka tu.

Siku moja akaletewa ile ovaroli atie kiraka gotini. Akapekua mifuko, kama afanyavyo kwa nguo ya kila mteja. Akakuta vidonge kumi na kimoja, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Akampigia. Hakusalimu.

"Leo umemeza?"

"Nimemeza, mpenzi. Kwani hukuona kijani?"

"Nimekiona. Na vidonge vyako ninavyo hapa kiganjani."

Kijana akaeleza, polepole, kwamba dawa ile ilimtetemesha mkono. Mistari ya rangi ilipinda, mwenye nyumba akamwambia hata mtoto angepaka vizuri zaidi. Akaogopa kusema kwamba ameacha kumeza, maana angekatazwa kupanda ngazi.

"Ungeanguka toka ghorofa ya tatu," binti akasema, "na mimi huku nimetulia, nashona, naangalia kijani chako."

Akakata. Mama yake alimshauri ajitoe kwenye ule uangalizi, mwongo hachungwi. Hakuweza. Kijani kiliendelea kuingia kila asubuhi, na kila asubuhi hakujua aamini au asiamini. Alishona mkono wa blauzi ya mtu nje ndani.

Siku ya tisa ikaingia alama nyekundu, ya kidonge kisichomezwa. Akapiga simu kabla hajafikiri.

"Uko wapi?"

"Chini. Napaka geti. Ngazi nimeiacha tangu nilipomwambia daktari ukweli. Amenibadilishia dawa."

"Na hii nyekundu?"

"Nimetoka mbio, nikasahau kidonge nyumbani. Ningeweza kubonyeza kijani. Nimeshindwa kukudanganya tena."

Binti akaketi juu ya robota la vitambaa. Habari ilikuwa mbaya, na ndiyo ya kwanza kuiamini tangu siku ile ya vidonge.

"Rudi nyumbani sasa hivi," akasema. "Simu usikate."

Akamsikia akitembea, akihema, ufunguo ukizunguka kitasani, maji yakimiminwa.

"Bado una hasira, mpenzi?"

"Sana. Meza."

Akasikia funda la maji likishuka kooni. Mteja alikuwa amesimama mlangoni anasubiri. Binti akamwonyesha kiti, simu bado sikioni.