Mwandiko wa Kitanda cha Saba

Karatasi ya homa ya kitanda cha saba ilikuwa imeshajazwa, tena kwa mwandiko wa Kosgei mwenyewe, na Kosgei ndiyo kwanza anaingia wodini. Harufu ya ubani ilimpita puani ikaenda zake.

"Wanyoike, umeanza mzaha?" alimwuliza mwanafunzi mwenzake.

"Mimi? Zangu zenyewe zimenishinda!"

Kosgei hakumwamini. Mwaka ule wa hamsini na saba walikuwa wawili tu waliotumwa hospitali hiyo ya Nakuru kujifunza kazi, na atakayeanguka angerudishwa kwao. Huko kwao Kuresoi walishaanza kumwita daktari, jamani! Angeficha wapi uso?

Na tuseme ukweli: alikuwa mvivu. Kila asubuhi, kabla daktari hajapita, mwanafunzi alipaswa kumshika kila mgonjwa mkono, ahesabu mapigo, apime joto. Juma lililopita aliandika vya kukisia tu bila kumgusa mtu. Nani angejua?

Daktari alisoma karatasi ya kitanda cha saba. "Kazi safi, Kosgei."

Basi Kosgei akaipokea sifa isiyo yake. Kesho yake karatasi za vitanda vyake vyote kumi na sita zilikuwa zimejazwa, akasifiwa mbele ya Sista, mkuu wa wauguzi, na zile sifa zilimnogea.

Kadija, mama wa mtaa wa Bondeni aliyepiga deki wodini, alimvuta kando. "Mwanangu, ubani huu hakuna mtu anayeuchoma hapa. Yuko anayekuandikia. Ukiipokea kazi yake, umempa na wagonjwa."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Washike mikono. Halafu useme ulichofanya."

Kusema? Afukuzwe? Alimwona mama wa watu anamtakia mabaya.

Jumatano asubuhi aliinua karatasi ya kitanda cha saba, ya Mzee Kiptanui. Jumatano: joto la kawaida. Alhamisi, siku ambayo haijafika, ilikuwa imejazwa pia. Mapigo: sifuri.

Loo! Ubani ulizidi hadi macho yakamwasha, na chini ya kitanda akasikia kalamu ikikwaruza karatasi, taratibu, kama ya mtu asiye na haraka, naye akainama na asione kitu, akaushika mkono wa mzee kwa mara ya kwanza tangu alazwe, na ule mkono ulikuwa wa moto kama jiko, mapigo yakikimbia hata hayahesabiki.

"Tumbo, kijana wangu," mzee alinong'ona. "Siku tatu sasa. Hakuna aliyeniuliza."

Kosgei alitaka kulia. Daktari alikuwa mlangoni.

"Daktari! Karatasi hizi ni za uongo. Sijamshika mtu hata mmoja. Huyu anakufa!"

Mzee alipasuliwa adhuhuri ile ile. Alhamisi ikaja, ikapita, naye akaamka akiomba uji.

"Umemwokoa," daktari alimwambia Kosgei, "lakini umenidanganya siku ngapi? Fungasha."

Ijumaa, sanduku mkononi, alipita wodini kuaga. Hapakuwa na harufu ila ya dawa, na moyo wake ukatulia kidogo. Daktari alikuwa akizunguka, na vitanda vya Kosgei sasa vilikuwa vya Wanyoike.

"Kazi safi, Wanyoike. Zote kumi na sita, bila kosa!"

Kadija aliacha kupiga deki.

"Wanyoike," Kosgei alimwuliza kwa sauti ya chini, "umewashika mikono?"

Wanyoike alikuwa ametia mikono mifukoni. Alitabasamu. "Ya nini?"

Ubani ukampita Kosgei puani, ukaelekea kitanda cha kwanza.