Lita Tano Nukta Tisa

Ijumaa alasiri, kituo cha mafuta cha kusini mwa mji wa Leeuwarden kilijaa magari mpaka barabarani, na aliyekuwa akiwachelewesha watu wote alikuwa msichana mmoja wa koti la mvua la manjano. Jildou Hoekstra alijaza tangi mpaka pampu ikalia tak, akaacha hapo hapo bila kuongeza hata tone, akafungua daftari juu ya boneti na kuanza kuandika: kilomita, lita, baridi ya nje, upepo unatoka wapi, watu wangapi garini. Nyuma yake kulikuwa na haibridi ya kijivu, gari la petroli na umeme, na ndani yake kijana mrefu wa ovaroli la buluu. Alivumilia dakika mbili. Ya tatu akateremsha kioo.

"Samahani dada, hiyo pampu ni mchumba wako?"

Jildou aliona haya mpaka masikioni. Hata hivyo alimaliza mstari wake.

"Bado tunachunguzana," alijibu bila kuinua macho.

Kijana akacheka, akashuka. Aliitwa Wietse Bouma, fundi wa mashine za kukamulia maziwa, mtu wa kuzunguka mashamba ya mkoa wa Friesland siku tano kwa wiki, na ovaroli lake lilinukia sabuni na ng'ombe kwa kiasi sawa. Alipouliza anaandika nini, aibu yote ilimtoka Jildou, kama inavyowatoka watu wapole wakiulizwa jambo wanalolipenda. Alimweleza kwamba anafanya kazi katika chama cha wenye magari. Karatasi za kuuzia haibridi ziliahidi lita tatu nukta sita kwa kilomita mia. Yeye alitaka kujua zinakunywa ngapi mikononi mwa watu wa kawaida, wakati wa baridi, wakiwa wamechelewa kazini. Alihitaji magari kumi na mawili mpaka Machi iishe, kila moja lipimwe wiki nane. Alikuwa nayo kumi na moja, na Boukje, mkuu wake, alishamwambia kwamba yakipungua kumi na mawili ripoti haichapwi.

"La kumi na mbili hili hapa," Wietse alisema. "Masharti?"

"Moja tu. Endesha kama unavyoendesha siku zote. Na ujaze mpaka mlio wa kwanza, usiongeze."

"Hayo mawili."

"La pili ni la pampu. La kwanza ndilo lako."

Ijumaa iliyofuata Wietse alipiga simu na kumsomea namba yake: tano nukta saba. Jildou alisema sawa, asante, kwa sauti ya mtu anayeandika. Lakini Wietse, aliyesubiri simu ile wiki nzima, alisikia huzuni ndani yake. Alidhani amemwangusha. Wiki ya pili alijitahidi kidogo, akaleta nne nukta tisa, na Jildou akacheka kwa mshangao. Kicheko kile kilimwingia Wietse moyoni, kikajifungia mlango kwa ndani.

Kuanzia hapo kila Ijumaa namba ilishuka, na kila Ijumaa simu ilirefuka. Walianza kukutana kunywa kahawa kando ya mfereji, na mkate wa sukari wa Kifrisia ambao Wietse aliula kwa kuanza na kingo. Jildou alimtania kwamba ng'ombe wote wa mkoa wanamjua kwa jina, naye akajibu kwamba hao angalau hawamwandiki daftarini. Krismasi ilipopita, gari lake lilikuwa limefika nne nukta moja. Jildou alilipeleka jambo hilo kwa Boukje kwa fahari. Boukje, mama wa miaka hamsini aliyeona majira mengi ya baridi, alivua miwani na kusema hakuna haibridi inayokunywa kidogo hivyo mwezi wa Januari, labda iwe inasukumwa na malaika.

Jumamosi moja ya mwisho wa Januari Wietse akamwalika waende upande wa pili wa Afsluitdijk, ule ukuta mrefu unaoizuia bahari, wakale supu ya njegere. Jildou alivaa gauni lake la sufu la kijani na viatu vipya. Kabla ya kufika nusu ya ukuta vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi. Pumzi yake ilionekana. Wietse aliendesha kilomita themanini kwa saa, amejibanza nyuma ya lori la maziwa lililomkinga na upepo, amevaa glavu na sweta mbili. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na blanketi.

Jildou aliitazama hita. Ilikuwa imezimwa. Hita ya gari lile ilitegemea joto la injini. Ukiiwasha kwenye baridi, injini haikubali kulala, na petroli inaondoka. Alielewa yote kwa mara moja.

"Wietse, unaendesha hivi siku zote?"

Lori mbele yao lilirusha maji kwenye kioo.

"Tangu ulipocheka," alisema.

"Kwa hiyo kila Ijumaa ulikuwa unanipa namba ya uongo."

"Namba ni ya kweli, Jildou. Kila tone. Mimi ndiye nilijibana kidogo."

"Nilikuomba kitu kimoja tu." Sauti yake ilitetemeka, na safari hii haikuwa baridi. "Na huu upole wako wote? Na wenyewe ni wa majaribio? Ukishanipata, nitakuta unakunywa lita ngapi?"

Supu ililiwa kimya. Wakati wa kurudi aliwasha hita, na joto lile lilimuumiza Jildou kuliko baridi. Mlangoni kwake alimwambia kwamba anafuta wiki zote, na kwamba asimpigie simu kama hana namba ya mtu halisi.

Jumatatu alisimama mbele ya Boukje, akasema mwenyewe, bila kumtafutia mtu kisingizio, kwamba magari yamebaki kumi na moja. Boukje alimshauri apunguze tu wiki mbili tatu zilizozidi uzuri. Jildou alitikisa kichwa. Miezi mingi alikuwa akitafuta namba za kweli. Hangeanza kuzichonga sasa.

Ijumaa ile simu yake ilitoa mlio mmoja. Ujumbe ulikuwa na picha mbili, ya kilomita na ya risiti ya pampu, na chini yake: *5.8*. Hakuna salamu, hakuna mpenzi. Ijumaa ya pili, *6.2*. Ya tatu, *5.9*. Jildou hakujibu, lakini kila Ijumaa kuanzia saa tisa aliiweka simu mezani uso juu. Wiki nane ujumbe haukukosa hata mara moja.

Ijumaa ya mwisho ya Machi alipanda baiskeli na koti lake la manjano, akapambana na upepo mpaka kituo kile kile. Haibridi ya kijivu ilikuwa kwenye pampu ile ile, na Wietse alikuwa anajaza. Alimnyooshea Jildou daftari lake mwenyewe.

Jildou alisoma hapa na pale. *5.9: nilichelewa kufika Bolsward, nilikanyaga mafuta.* *6.2: theluji, hita juu kabisa.* *5.8: nilipita mtaani kwako mara tatu, kilomita saba zisizo za kazi.* Kwenye safu ya watu garini, kila mstari uliandikwa *1*.

"Wastani tano nukta tisa," Wietse alisema. "Ndiye mimi huyo. Nachelewa, nakanyaga, naogopa baridi. Sitashuka chini ya hapo hata kwa ajili yako. Lakini hata wewe ukinuna, sitapanda juu ya hapo."

Jildou alishika kalamu kwa nguvu. "Karatasi yangu ya kuuzia na yenyewe haikuambii kila kitu. Nikiumia sigombi. Nanyamaza wiki nane."

"Nimezihesabu."

"Na utaweza?"

"Nimeshaweza mara moja." Aliitazama pampu. "Jildou, na hiyo pampu mmechunguzana vya kutosha. Nataka nikuoe mimi."

Nyuma yao gari lilipiga honi, na la pili likafuata. Pampu ikalia tak. Wietse alitoa mkono, hakuongeza tone.

Jildou alilitandaza daftari juu ya boneti. Aliandika kilomita, akaandika lita, akainua uso kuuliza upepo unatoka wapi ndipo akaandika. Kwenye maelezo aliweka: baiskeli moja kwenye buti la gari. Kisha, polepole, kwenye safu ya watu garini, akaandika *2*.

Wietse alichungulia juu ya bega lake. "Umeandika kwa wino."

"Penseli ni ya makadirio," Jildou alisema, akamfungulia buti.