Waliolala Humu

"Ulitaka nguo nizifue zikiwa kavu?" Jirani wa juu aliuliza, mkono kiunoni.

"Nataka maji yako yasinidondokee mlangoni," Fundi Saa akamjibu. Alikuwa Mhindi wa ghorofa ya pili, mzee mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku ya mapumziko.

Kati yao, kwenye ngazi, alisimama karani wa sensa na kizibao chake cha njano, miguu imevimba kwa kupanda maghorofa siku tatu. Jana alifika hapahapa. Fundi Saa alimwambia, "Andika wawili, mimi na mke wangu. Binti anaolewa ng'ambo mwezi ujao." Naye akaandika wawili.

Binti huyo, mpima macho, alikuwa mpenzi wa karani kwa mwaka wa pili sasa. Walijuana kliniki, foleni imefika barabarani. Karani alipoambiwa asome mstari wa chini alisoma herufi zisizokuwepo, ili tu asiinuliwe kitini. Jana jioni mpenzi huyo alimpigia.

"Mpenzi, mimi umenihesabu wapi?"

"Anayejibu ni mkuu wa kaya, roho yangu."

"Basi kamuoe mkuu wa kaya." Akakata. Tangu hapo hapokei.

"Umerudia nini tena?" Fundi Saa alimgeukia karani.

"Huyo hakurudia hesabu, mzee wangu," jirani akadakia, nguo zimesahaulika. "Huyo ndiye wa zile simu anazopokea binti yako ngazini. Mwanao anacheka mpaka nasikia juu."

Fundi Saa akaegemea mlango kama aliyebeba mzigo.

"Tulipohamia jengo hili, Wahindi tulikuwa kaya ishirini na mbili," alisema. "Leo tatu, na moja ni mjane na paka wake. Wenzangu wote wamewaoza watoto nje. Abaki hapa na nani?"

"Na mimi, baba," karani alisema. "Ila jana nilikosea. Swali si nani ataondoka. Swali ni nani alilala humu usiku wa sensa."

Pazia likasogea. Mpima macho akatoka na koti lake jeupe la kazini, mtandio wa samawati begani, macho mekundu.

"Nililala mimi," alisema. "Na hiyo safari, baba, hakuna aliyeniuliza kama naitaka."

"Unaitaka?"

"Siitaki."

Fundi Saa alivua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Andika watatu," alimwambia karani.

Karani akaandika. "Na mimi, umenisamehe?" alinong'ona.

"Bado," mpima macho akajibu. "Lakini simu nitapokea."

"Mtamaliza sensa ya nchi nzima hapo mlangoni?" sauti ya mama ilitoka jikoni. "Chakula kinapoa."

Fundi Saa akasogea pembeni, akaacha mlango wazi.

"Vua viatu, kijana. Ingia ule. Mengine tutayasema tukiwa tumeshiba."