Kaunta ya Sentimita Tisini na Tano

Fundi Hamduni aliiweka mashine sakafuni, katikati ya jiko tupu, akarudi nyuma hatua mbili, na jiko jipya likajijenga hewani. Yalitangulia makabati, ikafuata kaunta, halafu sinki, koki, hadi vishikizo vya droo, vyote kwa mwanga mzito ambao mkono haukuweza kuupenya. Kampuni iliuita nuru-umbo. Dodoma ya miaka hiyo mtu hakuchagua jiko kwenye picha. Aliingia ndani yake, akafungua milango, akaegemea, na akishasema "ndiyo", roboti za ujenzi zililikamilisha kwa siku moja.

Sechelela Chilongani hakuwa mtu wa kusema "ndiyo" haraka. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mrefu, mabega mapana, na alikuwa amechomelea mabehewa ya treni kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu.

"Nionyeshe terazo," alisema.

Kaunta ikageuka terazo.

"Hapana, kama sakafu ya shule. Lete lile jiwe mnalolisifia."

"Jiwe-oto, Mama," Hamduni alieleza. "Halichimbwi. Bakteria wanaunganisha mchanga ndani ya tangi mpaka unakuwa bamba. Halinywi mafuta wala bizari. Na kisu kikilikwaruza leo, kesho asubuhi limejiziba lenyewe, huoni alama."

Sechelela alilipitishia ukucha. "Hata baada ya miaka kumi?"

"Hata ishirini."

"Basi silitaki. Jiko nimelipikia miaka ishirini halafu linaonekana sijawahi kuingia? Nataka granaiti iliyotoka mlimani. Na makabati ya mninga, milango ya paneli. Hii inayofunguka yenyewe ukiisogelea iondoe, inanishtua."

Mashine ilitii. Makabati ya mninga mwekundu yakasimama pembeni, granaiti ya kijivu ikakaa juu yake. Lilikuwa jiko zuri. Lakini Sechelela alipoweka viganja juu ya kaunta, ilimbidi ainame. Chini ya kaunta, pale aliposimama, palikuwa wazi, hapana droo wala mlango. Ukuta wa juu nao ulikuwa mtupu.

"Kaunta ipande," aliamuru.

Ilipanda hadi kiunoni, ikatulia kidogo, kisha ikashuka polepole ikarudi pale pale. Akaamuru tena. Ikapanda, ikashuka.

"Fundi, mashine yako mbovu."

Hamduni alikuwa anaangalia dirishani. "Siyo mbovu, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Iulize mwenyewe. Mimi mkataba wangu hauniruhusu."

Sechelela aliigeukia. "Hili jiko umempimia nani?"

"Sechelela Chilongani," mashine ilijibu, "atakavyokuwa baada ya miezi kumi na minane."

Hamduni akalazimika kusema yaliyobaki. Katika ziara tatu za mwanzo walitandika zulia-hisi, linalosoma uzito na mwendo wa kila unyayo. Kutokana na mwendo huo mashine hutabiri mwili utakavyokuwa mbele, ili mtu asijenge leo akabomoa kesho. Sheria inaikataza kutaja ugonjwa, maana hiyo ni kazi ya daktari. Ila haiikatazi kupunguza urefu wa kaunta.

"Kwa hiyo ile nafasi ya chini ni ya kiti cha magurudumu."

Hamduni akaitikia kwa kichwa.

"Na idhini ya kunipima hivyo nani aliitoa?"

Binti yake, Nyemo, alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai. Hakuna aliyemwona akifika.

"Mimi, Mama."

"Tangu lini unajua?"

"Miezi minne. Mguu wako wa kushoto unaburuta, hujioni tu. Nilitaka usihangaike mara mbili, kujenga na kubomoa. Nilitaka upate jiko zuri."

"Miezi minne unanipakulia chakula, unanitazama usoni, unajua, na mimi sijui!" Sechelela hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomliza Nyemo. "Ungeniambia. Ningelia siku mbili, ya tatu ningeamka. Wewe umekwenda kuniambia kwa makabati."

Akamgeukia Hamduni. "Andika. Kaunta sentimita tisini na tano."

"Roboti zetu hazitajenga, Mama. Zimefungwa zisipinge utabiri."

"Basi kunja taa yako. Nitajenga mwenyewe."

Kesho yake alikwenda kwa daktari, peke yake, akaambiwa jina la ugonjwa. Ulikuwa wa mishipa ya fahamu, nao haukuwa na tiba. Akauliza anachoruhusiwa kufanya. Daktari akamwambia lolote analoliweza. Jioni ile ile aliteremsha mashine yake ya kuchomelea kutoka stoo.

Fremu ya chuma ya kubeba kaunta aliiunda uani kwa siku tisa, akipumzika kila mguu ulipogoma. Siku ya tatu Nyemo alikuja bila kuitwa, akashika bomba lililokuwa linacheza. Akalishikilia mpaka weldi ilipopoa.

"Umeshika vizuri," mama alisema. Ndivyo walivyopatana.

Wanaume wanne walileta bamba la granaiti kutoka machimboni. Seremala wa mtaa akafunga makabati ya mninga juu na chini, na Sechelela akawa anasonga ugali wa uwele akiwa wima.

Miezi kumi na minane ilipita, bado amesimama. Ishirini na mbili, amesimama na fimbo. Mwezi wa ishirini na saba, Jumamosi moja mchana, miguu ilikataa. Aliteleza taratibu, mgongo ukiburuzika kwenye milango ya mninga, mpaka akakaa sakafuni na mwiko mkononi. Nyemo alizima jiko, akachuchumaa mbele yake.

"Niwaite wale watu na mashine yao?"

"Waje kufanya nini? Utabiri wao nimeuishi miezi tisa zaidi. Nitafutie chaki."

Wiki iliyofuata, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alijisogeza hadi kwenye kaunta, akanyoosha viwiko, akajipima mwenyewe. Kisha akachora mstari kwenye mguu wa fremu.

"Bamba litakatwa katikati. Huku kwangu makabati ya chini yatoke, pashuke hapa. Upande wa dirishani ubaki juu vile vile."

"Kwa nini?"

"Nani atapika pale, mimi? Pale ni pako."

Nyemo alivaa miwani ya kinga. Hakuwahi kukata chuma maishani mwake, na grenda aliishika mbali na mwili.

"Kaza viwiko," Sechelela alisema, akisogeza kiti karibu. "Usiiombe ikate. Iamuru."

Cheche zikaruka hadi mapajani mwa mama. Hakurudi nyuma.